Pea

Kibandiko kimebanduka. Kimebaki kivuli cha gundi
mahali jina lilipokuwa, na mimi sihitaji jina.
Nagonga ubavu kwa fundo la kidole:
ubao hauitiki kwa ukelele, unaitika kwa kifua.
Msaji huu, si karatasi iliyochorwa msaji.
Nanyanyua. Kilo kumi na nne,
au mgongo wangu unanidanganya
kama ulivyonidanganya kule Skive mwaka juzi.

Chumba cha chini ya nyumba. Kidirisha usawa wa majani,
mvua ya Novemba inakirushia matope.
Bi Bodil Krogsgaard amevaa koti la marehemu,
mikono yake imepotelea ndani ya mikono ya koti.
"Kroni mia mbili," anasema. "Zote mbili. Nataka nafasi."

Katika kazi yangu, hapo ndipo mtu hufunga mdomo.

Nafungua skrubu. Ukingo wa sponji umekufa,
unamegeka kama keki ya matanga.
Si neno: ukingo hununuliwa, hubandikwa, husubiriwa ukauke.
Koni ni nzima. Sumaku inaning'ang'ania bisibisi.
Nagusisha betri ndogo, na koni inachomoza, puh,
kama mtu aliyeitwa jina usingizini.
Mgongoni, nambari kwa wino: 4417.
Ya pili: 4418.
Tumbo moja, siku moja, dakika zikipishana.

Sasa mbona hazifanani?

Hii jua limeilamba ubavu ikawa rangi ya chai ya maziwa,
utosini ina duara la chungu cha maua.
Hii nyingine nyeusi, inanuka kiko na mafuta ya cherehani,
nikiifuta, kitambaa kinatoka kahawia.
"Mapacha waliolelewa nyumba mbili," nasema, nikidhani natania.

"Nyumba moja," anasema. "Ghorofa mbili."

Svenning alishuka huku na godoro lake
mwaka wa ugomvi wa shamba la kaka yake.
Talaka hapana; ni gharama, na watu wangesema.
Walisemezana juu ya bili, na nani akolee theluji.
Santuri zilibaki juu, na amplifaya juu.
Siku moja akasikia keekee inatoboa sakafu.
Ukatokea waya. Akaja, akachukua spika ya kulia,
hakuomba, hakukatazwa.
Miaka kumi na mmoja. "Mimi nachagua, yeye anapata nusu."

Nikatazama dari. Waya bado unaning'inia,
ncha zake mbili zimepinda kama ndoana.

"Elfu sita," nikasema.
Ulimi wangu wenyewe ulinishangaa.
"Kwa pea. Moja moja ni kuni zenye sumaku."

Bei hakuijibu. Alipanda ngazi,
akarudi na santuri kifuani.
"Niwekee hii. Ya kulia peke yake."

Nikaleta mashine yangu kutoka garini, nikaunga.
Wapigaji wa zamani waligawanywa kama shamba la urithi:
vinanda huku, ngoma kule, mpaka katikati.
Besi ikapanda kutoka sakafuni. Kiti kikalia kidogo.
Halafu sauti nzito, ya pili, taratibu,
ikiitikia wimbo ambao hatukuusikia.

"Kuna mwanamume anaimba hapa," akasema.

"Alikuwepo siku zote, Bibi. Upande wa kulia."

Akasikiliza mpaka sindano ikaanza kukwaruza utupu.
Mimi nilijifanya natafuta skrubu.

Fedha alizihesabu mara mbili, sawasawa, kama muuza samaki.
Nikazifunga blanketi, nikazilaza garini uso kwa uso.
Nikarudi kuchukua bisibisi.
"Na huo waya?" nikauliza. Shaba nene, mita kumi na tisa.

"Waya haumo kwenye bei."

Alikuwa amekwisha kushika ncha,
anauzungusha kiwikoni, mzunguko kwa mzunguko,
na haukuwa ukija;
huko juu bado umefungwa.