Runinga Iliyoamka Mwaka wa Sabini

Umeme ulikatika saa mbili kasoro,
ukarudi saa nne kwa mguno wa friji,
na runinga ya mama, hapa Rau,
ikaamka haimjui mtu.

Hakuna mtandao, imeandika.
Nimekaa sakafuni na rimoti
ambayo betri zake zimeshikwa na gundi ya karatasi.
Mama yuko kwenye kochi, ndani ya sweta la marehemu baba.
"Yule nyangumi," anasema,
"alikuwa anamsukuma mwanawe juu apumue.
Niliishia hapo. Nataka kujua."

Nazima. Nahesabu hadi sitini. Nawasha.
Ruta naitoa kabatini, nyuma ya sufuria za harusi yake
zisizowahi kuonja moto,
naiweka dirishani.
Taa tatu za kijani. Ya nne inapepesa
kama jicho la mtu anayetunga uongo.

Simu yangu inashika. Ya mama inashika.
Hata ya Ndewirwa, mpangaji wa uani, inashika,
na sijui nani alimpa nywila.
(Mama anatazama dari.)

Sahau mtandao huu? runinga inauliza.
Ndiyo.
Nauandika upya, herufi kwa herufi,
mshale kulia, mshale chini, nimekosea, rudi:
jina la ng'ombe wetu wa kwanza
na mwaka aliozaa.
Umeunganishwa, inasema.
Halafu chini, kwa maandishi ya sisimizi: bila intaneti.
Mgeni kaitwa ndani, kaitika,
kabaki kasimama mlangoni.

Karibu saa sita nampigia Anaeli, anayetengeneza simu pale stendi.
Anapiga miayo, anauliza neno moja:
"Dada, hiyo runinga inadhani leo tarehe ngapi?"

Tarehe mosi Januari, 1970.
Saa tisa na dakika kumi na moja, usiku.

"Basi ndiyo hiyo," anacheka.
"Vyeti vyote vya mtandaoni ni vya juzi na jana.
Yeye akivisoma, anaona vya watu ambao hawajazaliwa.
Atawafunguliaje?"

Hakuna njia ya mkato. Mwaka mmoja, bonyezo moja.
Mama ameshavaa miwani, amesogea ukingoni mwa kochi.
"Sabini. Ngoja kwanza."
Ana miaka kumi na minne, anashusha ndizi kichwani
kutoka Mbokomu hadi soko la Kiboriloni,
na baba ni kijana fulani tu, popote alipo.
"Haya."
Sabini na tano. Sabini na nane: "Hapo nina Eliufoo mgongoni."
Sabini na tisa. Themanini.

Themanini na moja.
Mkono wake unatua juu ya wangu.
Kidole changu kinangoja.
Kwenye picha ya ukutani watoto tuko wanne.
Mama akihesabu, husema watano.

Friji inazima, inawaka tena.
"Endelea."

Themanini na sita, mimi; hasemi kitu, ananifinya bega.
Elfu mbili inapita, na ule wasiwasi wote tuliokuwa nao.
Mwaka wa baba tunaupita bila kupunguza mwendo,
kama dereva aliyekwisha lizoea tuta.
Mwaka huu. Mwezi huu. Leo,
ingawa leo yenyewe imebakiza dakika tano.
Thibitisha.

Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
kisha ukuta wote unakuwa buluu,
na uso wa mama, na sufuria zile.

Filamu haikumbuki tulipoishia.
Inaanza mwanzo: maji matupu,
mgongo mmoja mkubwa unapanda taratibu.
"Nikusogezee mbele, mpaka pale?"

"Acha," anasema mama.
"Hapo bado hajazaliwa."