Saa Nane Mchana, Denizli

Saa nane kamili Benki Kuu itataja namba.
Baba amezima mashine moja ili asikie redio.
Ya pili ameiacha ifume:
taulo za hoteli ya Antalya hazingoji mtu.

Baba mdogo Tuncay amekuja na koti lake la benki,
miaka tisa tangu astaafu, vifungo bado vinang'aa.
Anakunywa chai kama anayehesabu noti:
funda, kimya, funda.

"Wapandishe riba," anasema. "Wapandishe hadi watu walie.
Fedha ikiwa rahisi, kila kitu kinakuwa ghali.
Homa haitibiwi kwa sharubati, Sabri.
Mlipokuwa mnakopa kwa bei ya karanga,
nani alitafuna pensheni yangu?
Ile iliyonunua kondoo
leo inanunua mkia."

Baba hamtazami. Anafuta mafuta viganjani.
"Dawa unaiagiza wewe, kuinywa niinywe mimi.
Mashine nimeikopea. Uzi nimeukopea.
Kila wakipandisha, amana yako inanenepa umelala,
mimi napunguza mfumaji.
Ni wewe uliyemwambia Gülizar asirudi Jumatatu?
Nilimwambia mimi,
aproni ikiwa bado mwilini mwake."

Pembeni, shangazi Nurhayat anakunja taulo,
bangili zikigongana kila anapopiga pasi kwa kiganja.
"Mabwana wawili wanagombea namba
ambayo hakuna aliyewauliza.
Karatasi ni karatasi. Akiba yangu naivaa."

"Dhahabu haizai, dada," anasema Tuncay.
"Imelala tu mkononi. Haiajiri mtu, haijengi ukuta."

"Haizai. Lakini haifi."

"Zilikuwa kumi na moja," baba anasema, polepole.
Sasa ni tano.
Hakuna anayeuliza sita zilikwenda wapi.
Mashine ya pili inajibu,
taka-taka, taka-taka, taka-taka.

Mimi nilisoma uchumi Izmir, miaka miwili, kabla ada haijanishinda.
Profesa mmoja alichora mstari unaopanda.
Wa pili akaufuta, akachora unaoshuka.
Wote wawili walinipa alama nzuri.

Hapa kazi yangu ni vibandiko vya bei.
Mwaka huu nimebandika mara saba.
Cha zamani sikibandui, muda hautoshi,
nabandika juu yake, na juu yake tena,
hadi bei ya taulo la uso imekuwa nene kama ukucha.

Siku moja ya mvua, duka tupu, nilichukua taulo
lililosahauliwa nyuma ya rafu ya juu,
nikalibandua kwa mvuke wa birika, tabaka kwa tabaka:
mwaka wa Gülizar, mwaka wa mkopo,
mwaka ambao wote tulidhani tumetoka.
Chini kabisa, kwa wino wa bluu,
mwandiko wa mama.
Saba yake ina mkia uleule wa kujipinda.
Bei ile leo hainunui hata kibandiko chenyewe.

Sikumwonyesha mtu. Nimeibandika ndani ya daftari la madeni.

Saa nane.
Sauti ya redio inakohoa, inasoma.
Haikupanda. Haikushuka.

"Woga," anasema baba mdogo, anafunga kifungo.
"Kamba i shingoni palepale," anasema baba,
"wamepumzika tu kuikaza."
Shangazi anauliza nani anataka chai.

Kisha uzi unakatika kule kwenye mashine
na wote wawili wanakimbia, bega kwa bega,
mwenye vidole vya mafuta na mwenye vidole vya noti,
wanagombana nani afunge fundo.

Simu inalia. Ni mwenye hoteli wa Antalya.
"Binti, kabla sijatuma gari:
bei ni ileile ya asubuhi?"

Wananigeukia wote watatu.
Nina kalamu mkononi,
na karatasi ya vibandiko, myeupe, haijaguswa.

"Subiri kidogo," namwambia.