Bata Chini ya Kiti

Lwitiko alirudi viganja vimemvimba.
Hakulia. Alishika kikombe kwa ncha za vidole
akasema, "Mama, saba zimenishinda."
Si tano, si sita. Saba.
Nikageuza ndizi chunguni, sikujibu.
Mimi nami niliziacha papo hapo, darasa la nne,
jedwali likiimbwa na chumba kizima
nami nachezesha midomo tu
kama mgeni kwenye kwaya ya watu.

Wimbo haumsubiri mtu.
Ukikosa mstari mmoja, hujui pa kuingilia tena.

Lakini mtoto huyu, mtume dukani kwa Mwasomola:
atakuambia pipa la mafuta ya taa limehamia dirishani,
kofia ya mwenye duka ina kiraka cha pili.
Nilichomtuma amesahau.
Alichokiona hakisahau.

Basi usiku ule, mvua ya Rungwe ikilitwanga bati,
nikachukua kipande cha mkaa,
nikamwonyesha ukuta wa jiko.
Nikamwambia, tuchore.

Sita akawa konokono.
Saba ni nyengo ya baba yake, ile ya migomba.
Nane, kibuyu cha maziwa, kiuno kimefungwa.
Nne, kiti kilichopinduliwa, miguu juu.
Mbili ni bata, hilo alisema mwenyewe.
Tano tulibishana;
mwisho akawa mama mjamzito mwenye kilemba,
akanitazama tumbo, akacheka.

Kando ya mlango tukapanga msafara wa kwenda mtoni:
mjamzito mbele, konokono nyuma yake,
kisha nyengo, kisha kibuyu.
Tano, sita, saba, nane.
Saba na nane wakizidishana
hamsini na sita wamekwisha kutangulia.
Nilikaa juu ya kinu.
Miaka yote hiyo walikuwa wamejipanga
na hakuna aliyeniambia.

Juu ya mafiga: konokono kapanda kibuyu,
wameteleza wote, wakaangukia kiti.
Kiti na kibuyu, arobaini na nane.
Kwenye pembe, nyuma ya gunia la mahindi:
nyengo imemkosa konokono
na bata, kwa woga, kajificha chini ya kiti.
Sita mara saba.

Wiki mbili alikula akitazama kuta.

Siku ya kuulizwa, alifumba macho.
Mwalimu Mwaijande akasema, "Unalala?"
Hakulala. Alikuwa ameingia jikoni kwangu.
Saba mara nane? Akasimama mlangoni, akajibu.
Sita mara nane? Akainama mafigani, akajibu.
Sita mara saba?
Akaenda kwenye pembe, akasogeza gunia.
Akakaa huko muda mrefu.
"Mwalimu, kiti nakiona.
Ila bati letu linavuja.
Bata amekwenda na maji."

Darasa likacheka mpaka la jirani likasikia.
Fimbo, anasema, ilibaki juu,
kisha ikashuka taratibu, ikalala mezani.
"Bata gani?" mwalimu akauliza,
na aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Jioni akamchora upya, mahali pakavu,
jirani na moshi.
Bata huyu ni mnene kuliko wa kwanza.
Bati bado linavuja. Baba yake anasema mwezi ujao.

Mimi? Mimi nachuma chai.
Jumanne niliteremsha mizigo sita mizanini,
kilo saba, kilo saba, kila mmoja saba,
nimechoka, mtoto ananipiga teke ubavuni.
Karani akaandika arobaini, akafunga daftari.
Siku zote huwa nasema asante.

Nikafumba macho kidogo.
Nikamwambia, fungua tena, baba,
kuna bata umemwacha.