Kwa Mwinjuma, Anayenichotea Bahari

Mwinjuma, dumu la mwisho lilikuwa la mafuta ya kula.
Usibishe. Nimeliona tabaka lile juu ya maji,
liking'aa kama shingo ya njiwa,
na kulipokucha kiti cha pweza kilikuwa kimelegea
vidole vyote vitano, kama glavu iliyovuliwa.
Nyamizi alikizika nyuma ya bafu, hakusema neno.

Basi safari hii sikiliza.
Nenda siku za bamvua,
wapite wanaoparua samaki,
uchote pale unapoviona vidole vyako vya miguu.
Mawe, okota yaliyokwisha kutupwa na wimbi;
tumbawe lenye rangi liache kwao,
sitaki kulala karibu na kitu kilichovunjwa kwa nyundo.
Mchanga, konzi nne. Usiuoshe.
Vilivyomo nitavitafuta mwenyewe kwa miwani.

Hapa stesheni askari alifungua kizibo,
akanusa, akauliza: gongo?
Onja, nikamwambia. Akaonja, akatema hadi relini,
kisha akasema hajawahi kuiona bahari.
Akachovya kidole tena.

Nilijaribu chumvi ya Uvinza, usinicheke.
Nikapima kwa kijiko, nikakoroga, nikaonja: sawa.
Uduvi walijikunja mle kabla ya adhuhuri.
Ile ni chumvi ya mboga,
na bahari, kumbe, si chumvi tu.

Umeme ukikatika Isevya tunashika zamu,
pampu ya baiskeli na mpira wa dripu,
povu moja, povu moja, hadi mkono ufe ganzi.
Nyamizi hupampu huku akihesabu.
Juzi alisita kwenye mia nne: hivi tunampumulia nani?

Babu wa babu yangu alikwenda huko kwa miguu,
pembe begani; akarudi na kibangwa kifuani,
kipande cha kombe, cheupe, kisicho na mtu ndani.
Mimi nimekaa tu. Bahari inakuja kwa treni ya Jumanne.

Ila kuna habari. Yule kaa uliyemficha kwenye mkebe wa maziwa,
yule wa nyumba ya kuazima, amekua,
kombe limembana kama shati la shule.
Sikuwa na kombe. Nilikwenda kwenye mashamba ya tumbaku
nikaokota ganda la konokono,
nikalichemsha, nikamwekea.
Siku tatu alilizunguka akilipapasa mlango.
Usiku wa nne, gizani, nikasikia kioo kimegongwa: ki.
Nikawasha tochi. Amehama.

Kwa hiyo usitume kiumbe kingine.
Tuma maji, madumu mawili,
na uniandikie yalikuwa yanajaa au yanakupwa ulipoyachota, na saa ngapi.
Nyamizi ndiye anayetaka kujua.
Anasema kila jioni, saa ileile,
kaa anapanda juu ya jiwe, anatulia,
kama anayesikia hodi
ambayo sisi wa bara hatuisikii.