Barua ya Bwana Dalgleish

Imekuja tena, ya tatu tangu Januari,
bahasha yenye kidirisha, jina si langu:
Bwana Hamish Dalgleish, nyumba ya chini, Prestwick.
Imelala mlangoni na tangazo la piza
na kadi ya fundi wa mabomba.
Leo nimeifungua. Mungu anisamehe.

Mpendwa mteja, pampu ya mafuta ya gari lako
huenda ikapata ufa. Injini huenda ikazimika
gari likiwa katika mwendo.
Tafadhali wasiliana nasi kwa wakati unaokufaa.

Wakati unaokufaa!
Nimeisoma nimesimama, koti mwilini,
viatu vya kazi vikichuruzika mvua.

Mimi mkaguzi, kule hangarini.
Naingiza kamera nyembamba kama mnyoo
tumboni mwa injini, nahesabu mapanga yake
moja moja, kama achambuaye mchele wa wageni.
Jumanne nilikuta unywele.
Haukuwa unywele. Struan, mwenzangu,
alifuta kioo mara mbili akidhani ni uchafu.
Ikasimama ndege hiyo, na kufika alasiri
zimesimama nyingine kumi na tisa,
Toronto, Lisbon, moja Nairobi,
abiria wamelalia mabegi yao wakitulaani,
kwa kuwa panga lile lina ndugu,
walimiminwa chungu kimoja, wiki moja,
na kila ndugu tunamjua kwa namba:
alikozaliwa, nani alimshika, nani alitia saini.
Boliti ya ndege ina cheti cha kuzaliwa.
Mimi changu nilikipata na miaka kumi na tisa,
na tarehe yenyewe ni ya kukisia.

Nimemgongea jirani, Bi Morag.
"Hamish? Alihamia kwa bintiye Kilmarnock,
akafa huko, maskini. Gari?
La buluu. Alimuuzia kijana mmoja mwenye mbwa,
hela mkononi."
Na kijana? Akainua mabega.
Mbwa ndiye aliyemkumbuka vizuri.

Nimepiga simu. Kinanda dakika ishirini,
kisha sauti ya msichana, mpole, mchovu:
"Wewe ndiye mmiliki?"
Hapana, lakini...
"Basi samahani, mama."

Struan husema ndege ikizimika
hakuna pembeni pa kuegesha.
Kweli. Lakini barabara ya Glasgow,
saa kumi na moja jioni ya Desemba, giza tii,
lori mgongoni, usukani umekuwa jiwe,
hiyo pembeni iko wapi?
Wa ndege hufa pamoja, tukawahesabu.
Wa gari hufa mmoja mmoja,
na polisi huandika: utelezi.

Ajali haina kinga, alikuwa akisema mama
kila sufuria ilipoanguka.
Mama, ipo. Nimeishika mkononi.
Ina namba, ina bei, ni kazi ya saa moja na nusu,
bure, wameandika bure kwa herufi nzito,
na imekuja kulala kwenye zulia langu.

Nimefanya nilichozoea. Nimechukua kalamu,
chini ya barua nikaandika tarehe, saa,
*kasoro imeonekana, haijarekebishwa*,
nikatia saini na namba ya muhuri wangu,
nikaibandika kwenye friji
kana kwamba kuna zamu ya usiku itakayoisoma.

Chai imepoa. Dirishani naliona gari langu
chini ya taa ya mtaa, jekundu, limelowa,
kimya kama mtoto aliyevunja kitu.
Nililinunua Ayr, miaka minne sasa,
kwa bwana mmoja mwenye haraka, hela mkononi;
fomu alisema ataituma yeye.
Hata jina sikumuuliza vizuri.

Barua zake zinaangukia mlango wa nani?