Herufi za Mama

Jumatatu alfajiri, bandarini Vigo,
Sabela alifungua masanduku ya barafu.
Karatasi zilidai: pweza wa hapa, wa ghuba yetu.
Karatasi husema lolote; karatasi haina haya.

Kiumbe mwenyewe alishakuwa vipande:
hana kichwa, hana jicho, hana wino,
hana ngozi ya kubadili rangi amwonapo adui.
Aliyeishi kwa kujigeuza, sasa jiwe, sasa mwani,
leo ni nyama nyeupe, haina cha kuficha wala cha kuonyesha.
Hata ngisi na dome, wakichunwa na kukatwa pete,
utamla mmoja kwa jina la mwenziwe
na ulimi usikwambie kitu.

Mamake, Obdulia, mchemsha pweza wa miaka arobaini,
anayemchovya mara tatu katika sufuria ya shaba
kabla ya kumwachia maji,
alicheka aliposikia habari ya mashine.
"Mimi humjua kwa kidole.
Nikimfinya, ananijibu."

Sabela hakubisha. Alikata kipande,
punje ya mchele,
akakitia kichupani, akakiyeyusha, akakipasha moto,
akakipoza, akakipasha tena,
mpaka uzi usioonekana ukazaana
ukawa mwingi wa kusomeka:
herufi nne tu, zikirudi na kurudi,
mia sita na ushei, bila nukta, bila mkato.

Jibu lilitoka saa kumi.
Masanduku tisa. Matano yalisema kweli.
Matatu ya bahari ya mbali, yamevishwa jina la kuazima.
La tisa halikufanana na chochote kwenye kumbukumbu.
Akarudia. Akarudia tena.
Yupo, ameshavuliwa, pengine ameshaliwa,
na jina hana.

Usiku alimpigia mamake simu
amweleze jambo moja:
kwamba herufi zile hurithiwa kwa mama peke yake,
baba haachi hata moja.
Na pweza jike hulinda mayai bila kula,
akiyapulizia maji, mwezi baada ya mwezi;
yakianguliwa, naye anakata roho.
Watoto hawamjui.
Lakini kila mmoja huondoka na waraka wake
umekunjwa mwilini, neno kwa neno.

Simu ilinyamaza. Sufuria ilisikika ikitokota.
"Huyo wa tisa," Obdulia akauliza,
"alikuwa mgumu au laini?"

Sabela alitazama vidole vyake.
Siku nzima hakuvua glavu.