Mawe ya Osundwa

Miaka kumi na minne napima miwa hapa Mumias.
Trekta hupanda bamba, natazama mshale,
natoa uzito wa tela, nakata wa tope, naandika.
Namba haidanganyi. Hudanganywa.

Kaka yangu Osundwa alianza na kikombe kimoja,
kile cha bati kilichong'oka sikio,
nyuma ya gereji, kwa mama Anyango.
Kimoja kilimtosha
kumsalimia mbuzi kwa jina la mwalimu wake
na kulala na viatu.
Mwaka wa tatu alimaliza vitano
akaendesha baiskeli hadi Shibale bila kuyumba.
Wanaume wakapiga makofi: huyu chuma!
Nami nilipiga. Hilo naliandika pia.

Muuguzi Khavere alinichorea nyuma ya kadi ya dawa:
pombe hukanyaga breki za ubongo,
na ubongo haupendi kukanyagiwa,
hivyo hulegeza breki, huongeza moto,
vitasa ambavyo kileo hufungua huving'oa kimoja kimoja,
kengele za kuamsha huzitundika mpya.

Nikamwambia, ngoja, hiyo naijua.
Ni mizani.
Pombe ikiketi upande huu,
ubongo hupakia mawe upande ule,
usiku, bila risiti,
hadi mshale urudi katikati.
Watu huona mshale. Husema chuma.
Mawe hakuna anayeyaona.

Jumanne aliacha ghafla.
Si kwa ushauri: binti yake alimwona sokoni
akavuka barabara.
Alhamisi alfajiri mikono yake ilipepeta unga usiokuwepo,
chai haikufika mdomoni,
akaokota siafu kwenye blanketi jeupe
akinihesabia, moja, mbili, moja.
Pombe ilikuwa imeshuka.
Mawe ya miaka tisa yalikuwa bado juu.

"Mngemleta kabla hajaacha," alisema Khavere,
akivunja kichupa cha dawa,
"mawe hushushwa taratibu.
Na akirudi kwenye vile vitano
baada ya mawe kwisha, vitamuua."

Wiki ya sita alinifuata kazini, amenyoa,
shati limempwaya.
Foleni ya matrekta ilikuwa haijafika.
Akapanda bamba, akasimama wima kama mwanajeshi.
Mashine hii huhesabu kilo ishirini ishirini.
Ikasoma sitini.

"Na mawe je?" akauliza.

Nikaandika sitini.